Majibu ya Dada Yangu Niliyoyatupa

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kamina, nina miaka sitini na minane. Ukurasa huu wa kuomba ushauri niliuona ni wa watu wasio na haya. Leo ninauandikia, na naomba jina langu lisitajwe.

Vijana wa mradi mmoja walikuwa wakiifundisha simu kutambua mihogo yenye ugonjwa. Kila picha ya majani ilitazamwa na wakulima watano, na kila mmoja alisema kama mmea ni mzima au mgonjwa. Makosa yalikuwa mengi, nami nikaajiriwa kuchagua majibu ya kuaminika, ili simu ijifunze kwa hayo tu. Nilifanya nilivyozoea darasani: anayejibu tofauti na wenzake wote amekosea.

Aliyetofautiana mara nyingi zaidi alikuwa Yaya, dada yangu mkubwa, mkulima wa upande wa Kabondo-Dianda, ambaye hakumaliza shule ya msingi. Majani ambayo wenzake waliyaona mazima, yeye alisema yana ugonjwa. Nilisema moyoni kwamba anabahatisha, nikayatupa majibu yake yote.

Wakati wa kupanda ulipofika, alinipeleka kwenye shamba la jirani alikotaka kukata vijiti vya mbegu. Alisema mihogo ile haimpendezi. Nikayapiga majani picha. Simu, iliyokwisha kufundishwa kwa majibu niliyoyachagua, ikasema ni mazima. Nikamwambia akate.

Mwaka huu tumechimba. Juu majani ni ya kijani, chini mizizi imeoza, ina mabaka ya kahawia hadi katikati. Wajukuu wake hawana bukari, ugali wetu wa mihogo, ya kutosha. Hakunilaumu. Aliketi kwenye tuta, akasema polepole:

"Ndugu yangu, macho yangu ilizeeka. Minyi niliona ile mihogo iko na ugonjwa, lakini simu njo ilisoma, minyi hapana. Na ni weye uliifundisha."

Nilirudi Kamina, nikayafungua majibu niliyoyatupa, nikazitazama picha hadi nikaona alichokiona: umanjano hafifu kando ya mishipa ya majani ya chini. Wanne walikosea, yeye peke yake alipatia.

Majibu yake nimeyarudisha, na vijana wataifundisha simu upya. Lakini yeye sijamwambia. Majirani wakimwita akague mashamba yao anakataa. Anawaambia waulize simu. Nikimweleza, atajua kwamba mdogo wake, aliyesomeshwa kwa mihogo ya mikono yake, hakumhesabu kuwa mtu wa kusikilizwa. Nikinyamaza, ataendelea kuamini kwamba macho yake yamekufa.

Jumapili naenda kwake. Nyinyi mnaosoma, hasa wenye dada wakubwa, nishaurini: nikifika mlangoni, nianze na neno gani?