Kahawa ya Ta Kagaruki

Siku yangu ya kwanza kazini Mchungaji hakunipa Biblia wala kitabu cha nyimbo. Aliniuliza, "Mwinjilisti, ni nani usiyesemezana naye?"

Nilikuwa na kaptula iliyopigwa pasi, tayari kuhubiri Kiruruma Jumapili ile. Sisi wainjilisti ndio tuliotumwa kwenye mitaa, yaani vikanisa vya udongo vilivyo mbali na mchungaji. Lakini hakuna aliyetumwa kabla ya kutengenezwa: utubu mbele za Mungu, kisha ukapatane na uliyekosana naye. Ushahidi wa kupatana ulikuwa kutafuna kahawa, yaani buni zilizokaushwa, kutoka kikapu chake, maana kwetu Karagwe mtu hatafuni kahawa ya adui.

Nikamtaja jirani yangu wa Rugera, Ta Kagaruki, maana mzee kwetu huitwa Ta. Nilimwita mwizi mbele ya wakwe zake, kwa kuwa omuramura, mmea wa mpaka kati ya migomba yetu, niliuona kama umetembea.

"Mimea haitembei," akasema Mchungaji. "Nenda ukatubu."

Nikaenda nimenuna. "Shikamoo, Ta. Nisamehe, nilikuita mwizi."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Akaleta kikapu. Nikatia kahawa mdomoni, nikaanza kupanga mahubiri kichwani. Mzee akanitazama, machozi yakimlengalenga.

"Umenishinda. Ule mmea niliuhamisha mimi, wewe ulipokwenda Bukoba."

Nikaitema kahawa karibu na mguu wake. "Kumbe mwizi kweli!"

"Ndiyo," akasema kwa upole. "Sasa kaa unisamehe."

Sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja kumshtaki kwa Mchungaji, nikitegemea kutetewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kahawa ulimaliza kuitafuna?"

"Niliitema."

"Basi Kiruruma huendi. Atakwenda aliyetubu."

Na kweli, akatumwa Ta Kagaruki, mzee aliyezoea kusinzia kanisani tangu wimbo wa kwanza. Alisimama akaeleza alivyong'oa mmea wa jirani. Mke wangu alirudi kutoka Kiruruma akanisimulia watu walivyolia na kurudishiana majembe waliyoazimana tangu zamani. Mimi nilikuwa nyumbani napalilia migomba kwa hasira. Wivu uliniuma kuliko shamba.

Kesho yake nikarudi kwake. "Shikamoo, Ta. Ile kahawa bado ipo?"

"Ipo. Ila safari hii usiniteme."

Nikatafuna, nikamsamehe, na baada ya hapo nilihubiri Kiruruma na Omurushaka hadi nikastaafu. Vijana wakiniuliza mahubiri yanaandaliwaje, nawauliza wamenuniana na nani. Huwa wanacheka, wakidhani nazeeka.

Ta Kagaruki aliurudisha ule mmea, tena kwa furaha ya kutubu akaupitiliza, akaupanda ndani ya shamba lake mwenyewe. Niliona kuwa kipande chake kimekuwa changu. Nikajiambia nitamwambia baada ya mavuno, na mavuno yakapita mengi, mpaka tukamzika.

Juzi mwanawe alikuja amenuna. "Shikamoo, Mwinjilisti. Naona mmea wa mpaka umetembea, umeingia kwetu."

"Marahaba. Mimea haitembei," nikamjibu haraka, na papo hapo nikaona aibu. Nikaingia ndani, nikatoka na kikapu cha kahawa.

"Kaa, mwanangu," nikasema. "Lakini usitafune kwanza."