Herufi za Kaka Selemani

Moshi wa maganda ya korosho uliingia nyumbani kwetu Lindi kutoka kwa jirani, ukachanganyika na harufu kali ya rangi ya mafuta iliyokuwa ikikauka sebuleni. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa darasa la nne. Kaka yangu Selemani, mchoraji wa vibao vya maduka, alikuwa amepata kazi aliyoililia siku nyingi: kuchora mabango ya tamasha la bendi za magitaa ya umeme, zilizopiga muziki wa roki waliousikia vijana redioni. Baharia mmoja bandarini alikuwa amempa bango la tamasha la ng'ambo, na tangu hapo kaka hakutaka tena herufi zilizosimama wima. Zake zilivimba, zikajipinda kama ndimi za moto, rangi ya chungwa ikigongana na zambarau hadi macho yakauma. Katikati alichora mwanamke mwenye nywele zilizojaa karatasi nzima, na ndani ya nywele akaficha maneno matatu. Nilimwona akiyaandika. Mama alimwambia, "Selemani mwanangu, utatuletea watu." Kaka akacheka tu.

Watu wenyewe walikuja alasiri, mabango yakiwa bado mabichi. Alitangulia bwana mmoja wa kamati ya maadili ya mtaa, nyuma yake vijana wawili wenye fimbo. Siku zile kijana aliweza kuchaniwa suruali njiani kwa sababu tu ilikuwa pana miguuni, mtindo ulioitwa uhuni wa kigeni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mbele ya mabango aliinamisha kichwa upande huu, akakigeuza upande ule, jasho likimtoka.

"Hii ni lugha gani?"

"Kiswahili, mzee," kaka akajibu.

"Kiswahili gani hakisomeki? Wewe mtoto, njoo usome."

Mama alinishika bega, vidole vyake vikaniingia nyamani. Nikasoma: Tamasha la Magitaa, uwanja wa mpira, Jumamosi alasiri, wote karibuni. Nilifika mwisho. Nikadhani yamekwisha. Yule bwana akaweka kidole kwenye nywele za mwanamke.

"Na hapa?"

Nikajibu haraka, "Hizo ni nywele tu, babu."

Kaka akanitazama. Nilijua ameniona nikidanganya kwa ajili yake, na uso wake ukabadilika. "Si nywele," akasema taratibu. "Mwache mtoto, mzee. Nimeandika mimi: Tucheze tutakavyo wenyewe."

Yule bwana aliyakunja mabango mabichi, rangi zikamchafua mikono, akasema, "Haya, twende ofisini."

Mama hakuwasha moto jioni ile. Tulikaa barazani, kila hatua ya mpita njia ikitushtua, mpaka kaka akarudi baada ya magharibi, mzima. Walikuwa wamemwamuru aende kijiji kipya upande wa Mtama, akaandike majina ya mitaa na kaulimbiu kwenye kuta, kwa herufi zilizonyooka. Aliondoka kesho yake.

Tamasha lilifanyika bila bango hata moja. Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga kwenye dansi maishani mwake, alivaa buibui, akanishika mkono tukaenda kusimama nje ya ua wa uwanja. Magitaa yalipolia, nilimtazama. Alikuwa analia, na mguu wake ulikuwa unafuata ngoma.

Siku hizi mjukuu wangu hutengeneza matangazo ya muziki kwa kompyuta, yenye herufi zilizopinda kuliko zile za kaka. Hakuna anayemgongea mlango, nami humshukuru Mungu kwa hilo. Juzi alilalamika kwamba watu huyapitisha kwenye simu kwa kidole bila kuyasoma. Nikamwambia kaka yangu alikatazwa kuchora apendavyo kwa sababu ya maneno matatu, na hadi anazikwa hakuchora tena herufi ya moto. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, yalikuwa maneno gani?" Nikamwandikia.