Minyoo Arobaini ya Kisima cha Annexe

Edith Kasonde amekaa miaka kumi na saba katika labo moja, maabara ya kupima maji, Lubumbashi. Kazi yake ni minyoo, ile midogo ambayo jicho haliioni bila hadubini. Huiweka kwenye maji ya visima vilivyo karibu na migodi. Ikifa, maji yana sumu. Ili asihangaike kuifukuza chini ya kioo, huitia ndani ya jeli yenye tabia za ajabu: kwenye baridi ni maji, kwenye joto huganda na kuushika mnyoo usitikisike. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, shurti sahani yenye minyoo irudi kwenye friji, jeli iyeyuke, ndipo ujue upi mzima na upi umekufa.

Ijumaa ile umeme ulikatika, friji ikabaki kabati tu. Na kwaya ya kanisa ilikuwa ikimngoja mtaa wa Bel-Air. Edith alisogeza hadubini dirishani, akaitazama minyoo arobaini aliyoitia kwenye maji ya kisima cha mtaani kwao, Annexe. Imetulia tuli. Akaandika: yote imekufa. Akatia sahihi.

Jumatatu umeme ulikuwa umerudi, na sahani aliyoiacha ndani ya friji imepoa. Alichungulia. Yote arobaini ilikuwa ikicheza! Karatasi ilikwisha kufika kwa chefu, mkuu wa mtaa, lakini simu alikuwa nayo mfukoni. Badala ya kupiga, alichukua javeli, dawa kali ya kung'arisha nguo, akaimwagia minyoo, ili karatasi isiwe ya uongo. Ndiyo, Edith huyo huyo anayeongoza zaburi Jumapili.

Kisima kikafunikwa kwa saruji. Tangu hapo jirani yake Mapalo, mwenye mimba ya miezi minane, huchota maji mbali, mwendo wa saa nzima, na kila akipita humshukuru Edith. Aibu ilimtafuna Edith.

Juzi Mapalo alisimama mlangoni pa Edith kupumzika, bidoni iliyojaa maji kichwani.

“Aksanti, mama Edith. Bila weye tungekuwa tunakunywa sumu, miye na huyu mutoto.”

“Mapalo, usinishukuru. Mayi ya kisima iko muzuri. Ile minyoo ilikuwa mizima. Miye njo niliiua, juu ya kuficha kosa yangu.”

Mapalo akatua bidoni, akaisukuma kwa mguu hadi mbele ya Edith.

“Beba. Tunaenda kwa chefu. Utamwambia na hii bidoni ku kichwa.”

Edith akainama kuinyanyua. Mara ya kwanza ilimshinda.