Ripoti Aliyoisaini Kanali

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, katika nyumba ya kutunzia wazee pale Auburn, nilipokuwa bado mgeni hapa Sydney. Sikuwa msichana tena, lakini kwa woga nilikuwa kama mtoto. Bibi mmoja niliyekuwa namwogesha kazini aliniponyoka bafuni, akaanguka. Msimamizi wangu akaniambia, "Andika kwenye fomu umemkuta ameketi sakafuni. Ukiandika ameanguka, utaulizwa wewe." Nikaandika, nikasaini.

Chumba cha pili alikaa mzee wa Kiajemi tuliyemwita Kanali. Alikuwa ofisa katika jeshi la Shah, mfalme wa Iran. Mapinduzi yalipotokea kwao alikimbia, akaja kusukuma mizigo kwenye bohari huko Wetherill Park hadi akazeeka. Nilipompelekea chai, alikuwa amesikia yote.

"Keti, binti yangu," akasema kwa Kiingereza chake cha kusuasua.

Akanisimulia. Akiwa luteni kijana, mkubwa wake aliwaadhibu askari kwa kuwatembeza mlimani kwenye theluji bila makoti. Mmoja akafa kwa baridi. Luteni akaambiwa aandike kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Akaandika, na baadaye akapandishwa cheo. Kisha mama wa yule askari akafika kambini, akamuuliza, "Mwanangu aliugua lini? Mbona hakuniambia?"

"Nikamdanganya tena, usoni," Kanali akasema. "Nimepoteza cheo, nyumba, nchi. Hivyo sivililii. Yule mama ndiye ninayemwona nikifumba macho."

Akalegeza kifungo cha shati, mtu ambaye sikuwahi kumwona amelegeza hata kimoja.

Nilirudi kwa msimamizi, nikaandika fomu upya. Alinifokea, nami nikalia mbele yake, sikufichi. Bibi akapelekwa hospitali, akakutwa amevunjika nyonga. Hakuwa na uwezo wa kujieleza. Angeumia kimya siku ngapi? Alifanyiwa upasuaji, akapona. Mimi nilipunguziwa shifti kwa miezi, na nyumbani tulibana kwelikweli. Kanali alifariki mwaka uliofuata. Sijui kama alipata amani.

Sasa wewe unaanza kazi Parramatta, mwanangu. Ukiletewa karatasi yenye uongo, usitie jina lako, hata kama anayekuletea ndiye anayekulisha. Na kama umeshalitia, rudi siku hiyohiyo ukaseme, kabla mama wa mtu hajaja kukuuliza. Mungu akupe moyo wa kusema kweli ukiwa unatetemeka, na akulinde na cheo kitakachokunyima usingizi.