Dakika Hamsini Kutoka Faizabad

Dubai nzima hakuna aliyenishinda kwa masafa ya ndege. Nitajie viwanja viwili vyovyote, nakupa saa na dakika kabla hujameza mate.

Mwaka 2006 nilivunja uchumba wa watu kwa uzi wa kushonea.

Nilikuwa napelekea wateja tiketi kwa baiskeli, kazi ya ofisi moja ya usafiri pale mtaa wa Garhoud. Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya dunia. Napima kwa uzi, nagawa kwa mwendo wa ndege, naitwa Kapteni. Kapteni wa baiskeli, lakini kapteni.

Serah alikuwa mapokezi, hoteli ya jirani. Mchumba wake, Fanuel, alikuwa mlinzi wa ghala huko Faizabad, milimani Afghanistan. Alipewa likizo ya siku tano: aruke Faizabad hadi Kabul, aunganishe Dubai, afike Alhamisi. Ijumaa harusi kanisani.

Alhamisi hakutokea. Ijumaa gauni lilibaki mlangoni, limetundikwa.

Jumamosi Serah akaingia ofisini kwetu, kucha bado zina rangi ya harusi.

"Kapteni, Faizabad mpaka Kabul ni muda gani?"

Nikavuta uzi. Kilomita mia tatu hivi.

"Dakika hamsini. Ukienda choo ukirudi, mshatua."

Hakucheka. "Fanuel anasema yuko uwanjani siku ya tatu, anangoja ndege."

"Siku tatu kwa dakika hamsini? Huyo anakuja na punda, ama kuna mtu amemshika shati."

"Mtu gani?"

Nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikofanya kazi yote.

Jioni akamtumia ujumbe: Khalas, yameisha, usije. Fanuel akaongeza mkataba huko huko.

Nani akawa mfariji? Mimi huyo. Chai ya maziwa mgahawani Al Nahda, vichekesho, bega. Miezi minane baadaye tulikuwa tunaenda nyumbani Kenya, nimpeleke kwa mama.

Tukapitia ofisini kuchukua tiketi. Mzee Msellem, Mzanzibari aliyekata tiketi pale tangu mimi sijazaliwa, akavaa miwani, akamtazama Serah.

"Si weye yule bi harusi wa Faizabad? Mchumba wako alifika salama?"

"Hakufika, mzee."

"Masikini. Ndege yenyewe ndogo, ya mapangaboi. Mawingu yakishuka milimani haiingii wala haitoki. Watu hulala pale hata wiki. Nilimwambia huyu akwambie uvute subira."

Serah hakunigeukia. "Ulimwambia lini?"

"Alhamisi ile ile, mwanangu. Walitupigia simu kutoka Faizabad tumsogezee mbele tiketi yake ya Kabul kuja Dubai. Dancan huyu akasema inshallah, atakufikishia."

Serah akautoa uzi wangu kwenye msumari, akauweka juu ya tiketi yangu.

"Dancan." Si Kapteni tena. "Kutoka Alhamisi mpaka Jumamosi ni muda gani?"



Hesabu yangu ya dakika hamsini ilikuwa sahihi, ndugu msomaji. Ila ukweli ukiutoa nusu, ile nusu uliyoficha jua kuna mtu anayo. Na siku moja atavaa miwani.