Maneno Kumi na Mawili ya Baba

Chumba chetu cha Abu Hamour, mjini Doha, kilinuka vumbi lililolowa. Harufu hiyo ilitoka kwenye kiyoyozi cha dirishani, kikubwa na kikuukuu, ambacho kilinguruma mchana kutwa na kudondosha maji kwenye ndoo ya rangi aliyoitega Mama. Jumba lenyewe lilikuwa la familia moja zamani, kisha likagawanywa kwa mbao nyembamba, kila familia chumba chake, na ukutani uliweza kumsikia jirani akikuna nazi. Baba alikuwa karani wa ghala katika hoteli moja ya mjini. Mama alifanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto. Mimi, Zuhura, mtoto wao pekee, nilikuwa darasa la tano katika shule ya Kiingereza yenye watoto wa kila taifa. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, na joto la mwezi wa tano lilikwisha kuanza kupenya chini ya mlango.

Lazima nieleze kwanza Baba alikuwa nani kabla ya ghala. Kwetu Tanga alikuwa mshairi. Mashairi yake yalisomwa redioni, na watu walimsimamisha barabarani wamwambie ubeti gani umewagusa. Doha hapakuwa na aliyelijua hilo. Pale alikuwa mtu wa kuhesabu mashuka na sabuni, aliyeitwa kwa jina la kwanza na vijana waliomzidi cheo. Hakulalamika. Lakini jioni, akishaoga na kuvaa msuli wake, alikuwa akinifundisha vina na mizani, akigonga silabi kwa kidole juu ya goti langu, na hapo sura yake ilirudi kuwa ile niliyoikumbuka tangu udogoni.

Kwa hiyo siku niliporudi na karatasi ya Miss Latha, mwalimu wangu wa Kiingereza, Baba alifurahi kama aliyeletewa barua kutoka nyumbani. Kila mwanafunzi alikuwa amepewa neno moja. Tulitakiwa kulitafutia vina, kamili na vya karibu, kisha kuvitungia shairi fupi la kusomwa siku ya wazazi. Neno langu lilikuwa "enough", maana yake inatosha.

"Vina?" Baba akasema, akiishika karatasi kwa mikono miwili. "Hiyo si kazi ya shule, mwanangu. Hiyo ni kazi ya nyumba hii."

Tulikuwa na kamusi moja ya Kiingereza, imepasuka mgongo. Kamusi hupanga maneno kwa vichwa vyake, na sisi tulihitaji mikia. Baba hakuona tatizo. Aliamua kuisoma yote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akitafuta kila neno linaloishia kama langu. Ilimchukua siku tisa. Alirudi kutoka kazini saa kumi, akala, akaketi kwenye zulia na kamusi mapajani, na kidole chake kikateremka ukurasa baada ya ukurasa. Mara moja moja aliniita, "Zuhura, nimepata jingine!" nami nikaliandika. Mwishowe yakawa maneno kumi na mawili. Baba aliyatazama kwa fahari niliyokuwa sijaiona kwake tangu tufike Qatar.

Kwa Kiswahili asingekosea. Sisi tunaandika tunavyotamka, na maneno mawili yakiishia kwa herufi zilezile, vina vimepatikana. Baba alikijua Kiingereza kwa macho, kutoka kwenye orodha za bidhaa na magazeti, hakukijua sana kwa masikio. Mimi nilikisikia kila siku uwanjani. Nilijua kwamba "enough" husomeka inafu, lakini "cough" ni kofu, "though" ni dho, "through" ni thruu, na "bough" ni bau. Katika yote kumi na mawili, mawili tu yaliingia sawasawa, "rough" na "tough". Mengine mawili yalikaribia kidogo. Manane hayakuwa vina vya kitu chochote.

Nilijaribu kumwambia. "Baba, hili halitamkwi hivyo."

"Hebu tazama mwisho wake," akanijibu kwa upole. "Si herufi zilezile? Jicho lako linaona nini?"

Tayari alikuwa ameshika kalamu. Alitunga beti mbili za Kiingereza kwa kanuni za kwetu, kina cha kati na kina cha mwisho, mizani nane kwa nane. Zilimhusu mtu aliye mbali na kwao anayejiuliza ni lini itatosha. Leo naelewa kwamba alijiandikia yeye mwenyewe. Wakati ule nilichoona ni aibu itakayonipata.

Kesho yake nilimpelekea Miss Latha. Alizisoma kwa sauti mbele ya darasa, bila ubaya wowote nadhani, na kila alipofika mwisho wa mstari watoto walicheka, kwa sababu hakuna kilichopatana. Akauliza nani alinisaidia.

"Hakuna," nikasema. "Nyumbani hakuna anayejua Kiingereza."

Miss Latha akanionea huruma. Alinikalisha kando, akanifundisha kusikiliza badala ya kutazama, akanipa "stuff" na "bluff" kuwa vina kamili, na "love" na "above" kuwa vya karibu. Nikatunga kishairi kingine, chepesi, kuhusu msichana mwenye vitu vingi vya kuchezea. Kilipatana barabara, wala hakikusema lolote.

Baba alikuwa ameshabadilishana zamu na mwenzake ili aje siku ya wazazi. Mama hakupewa ruhusa. Siku mbili kabla, Baba akipiga pasi shati lake jeupe, nilimwambia kwamba siku ya wazazi imeahirishwa. Aliinua pasi, akanitazama, akauliza hadi lini. Nikasema hatujaambiwa. Akalitundika lile shati msumarini, akaendelea na suruali.

Asubuhi ya Alhamisi ukumbi ulijaa manukato ya udi na kelele za viti. Nilipoitwa nilipanda jukwaani, nikasoma mstari wa kwanza, nikainua macho. Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, ndani ya shati jeupe. Zamu haikuwezekana kurudishwa, kwa hiyo alikuwa amekuja kumwuliza mwalimu kama lile shairi limefaa, na mlinzi wa getini akamwelekeza walipo wazazi wenzake. Nilimaliza kusoma, sijui vipi. Watu wakapiga makofi. Baba naye alipiga, na aliendelea kupiga hata wengine walipokwisha acha.

Kwenye basi tulikaa pamoja. Alinishikia mkoba magotini mwake.

"Umesoma vizuri," akasema. "Sauti ilifika mpaka nyuma."

"Ahsante, Baba."

Tulipita mzunguko mmoja wa barabara, na wa pili.

"Yale yangu hayakuingia?"

"Hayakuingia, Baba."

"Ungeniambia tu, mwanangu. Ningeelewa."

Nilitaka kusema nisamehe. Neno lilikuwa hapo hapo mdomoni, nikalimeza, nikatazama nje. Jioni ile alioga, akavaa msuli, akalala mapema. Hakugonga tena mizani kwenye goti langu, wala mimi sikumwomba. Mwezi wa sita hoteli iliondoa vibali vya familia kwa watumishi wa ngazi yake, na Mama nami tukarudi Tanga. Baba alibaki Doha miaka kumi na moja zaidi, akahamia kwenye kambi ya wafanyakazi huko Al Wukair, vitanda sita chumba kimoja. Alikuja nyumbani kila baada ya miaka miwili, kila mara kimya kimezidi. Wazee wa redio walipomwomba shairi, aliwaambia ameacha.

Sasa ninafundisha Kiingereza Dar es Salaam. Wanafunzi wangu huandika neno kwenye simu, na kabla hawajashusha kidole vina vimeshajipanga, kamili upande huu, vya karibu upande ule, mamia kwa mamia. Kazi ya siku tisa za baba yangu huisha mtu akipiga chafya. Naona watoto hawa wanavyoisoma orodha bila kuishangaa.

Baba amerudi, ni mgonjwa wa figo, haondoki kitandani. Mwaka jana nilikwenda Tanga kwa ajili tu ya lile neno nililolimeza kwenye basi. Niliketi kando yake, nikamsimulia yote, uongo wangu wa darasani na uongo wa siku ya wazazi, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shule ipi hiyo?" akauliza. "Sikumbuki kitu kama hicho, mwanangu."

Nilimtazama usoni muda mrefu. Sikuweza kujua kama amesahau kweli, na yeye akageukia ukutani, akaniomba nimfunike miguu.