Simba wa Kioo na Leso za Olenguruone

"MIMI NI SIMBA! MIMI HUWA SIKOSEI!"

Hiyo sauti ilinipata nikiwa bado kwa ngazi, kabla hata sijauona mlango. Nikadhani kuna watu wanapigana.

Wakuu, sasa. Kutunga hadithi ni kitu ninachokipenda, lakini hii sikuitunga. Ilinitokea mimi, msichana wa kufuma masweta ya shule hapa mtaani Free Area, na ukoo mzima ulikuwepo.

Nilipofungua mlango nilimkuta Brayo, mchumba wangu, peke yake mbele ya kioo. Soksi mguu mmoja, ngumi juu, povu la dawa ya meno kidevuni.

Simba.

Alikuwa ametoka kwa semina ya kujiamini. Coach aliwaambia wajisifu kila asubuhi, kwa sauti. Sikuona ubaya. Mtu aliyedharauliwa tangu utotoni ana haki ya kujiambia neno zuri.

Shida ni kwamba sifa zake zilikuwa na njaa, na chakula chao kilikuwa mimi.

"Babe, wewe huna presence. Ukiingia mahali hakuna anayejua. Sema na mimi: mimi ni malkia."

Nami nikasema, wakuu. Kila asubuhi, mashine ya kufuma ikikwaruza, nilijiita malkia kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

Ikafika siku ya Brayo na wajomba zake kuja kijijini kwetu Olenguruone kuposa.

Kwa wasiojua desturi yetu: binti anawekwa katikati ya wasichana wengine, wote wanafunikwa leso kuanzia kichwani, miguu tu inabaki nje. Mwanaume anapita akimtafuta wake. Ni mchezo. Akikosea, watu wanacheka, anarudia.

Mama alinivua viatu makusudi. Kidole changu kikubwa cha kulia hakina ukucha. Jembe liliuchukua kwenye shamba la viazi nikiwa darasa la tatu. Brayo ameuona mguu huo tangu tujuane. Mama alitaka tu kumrahisishia kazi, maskini.

Chini ya leso kuna giza lenye harufu ya sabuni. Nikasikia viatu vyake vipya vikija, kwi, kwi, kwi. Vikasimama mbele yangu.

Vikapita.

"Ni huyu!" akanguruma. "Mimi huwa sikosei."

Leso ikafunuliwa. Binamu yangu Wanja, meno yote nje.

"Pole, boss. Mimi niko na mtu wangu."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Hapo angecheka pia, arudie, tule mukimo ya viazi vya kuponda. Lakini simba hachekwi.

"Hii ndio maana huwa namwambia ajiamini," akawaambia wazee, akininyooshea kidole ambacho hakikujua hata pa kuelekea, kwa sababu bado nilikuwa nimefunikwa. "Mtu wa thamani anajulikana hata chini ya leso."

Shangazi Wambui, anayeongea hata kwenye maombi, akaweka mwiko chini.

Nikaitoa leso mwenyewe. Sikupayuka.

"Baba, mimi ni huyu. Kidole ni hiki. Huyu amejiangalia kwenye kioo mpaka mguu wangu umempita. Sitaki anioe."

Baba akanigeukia. "Umesema hutaki?"

"Nimesema, Baba."

"Basi tumesikia."

"Na hii mukimo yote?" Shangazi Wambui akauliza.

"Wageni wale kwanza. Hapa hatufukuzi mtu na njaa," Baba akajibu.

Wajomba zake walikula vizuri sana. Simba hakula.

Nilichojifunza ni hiki: kujiamini kunakohitaji mtu mwingine awe mdogo ni kelele za bafuni tu. Siku hizi sijiiti malkia. Najiita jina langu, na linanitosha. Ile "sitaki" niliisema mara moja, mbele ya watu, na ilinijenga kuliko asubuhi zote za kujipigia kelele.

Wenye macoach wenu, leteni matusi hapa chini, nitayasoma nikifuma. Na wewe uliyewahi kusimama mbele ya mtu akakupita, tuambie ulifanyaje.

Ila kabla hamjaanza kumhurumia, jueni alivyotoka. Alisimama katikati ya sebule akingoja mtu amwombe abaki. Hakuna aliyemwomba. Viatu vikalia, kwi, kwi, kwi, hadi nje, na Shangazi Wambui, mikono yote ikiwa imebeba sufuria, akausukuma mlango kwa kiwiko ukafungika.